Mikono ya Wifi Apolonia

Kaka yangu Sosthenes alioa mwanamke msafi. Hilo nalisema kwanza kwa sababu ndilo watu wa Nyololo, kijijini kwetu, walilolisema kwanza, na ndilo lililotuponza. Ugonjwa ulipoanza hakuna aliyeona ugonjwa. Tuliona sufuria zinazong'aa, uwanja uliofagiwa hadi udongo ukawa mgumu, na mama wa nyumba asiyegusa chochote kabla hajanawa. Akina mama wa kigango wakamsifia, wakamkabidhi kazi ya kufua vitambaa vya altare. Yaani mtu anaumwa, sisi tunampa cheo.

Alivifua vile vitambaa hadi vikawa vyepesi, ukikishika kimoja unaviona vidole vyako upande wa pili. Hapo ndipo padri alipouliza, kwa upole, kama kuna haja ya kufua kitambaa ambacho hakijatumika tangu kilipofuliwa.

Mimi ni Eveline, dada yake Sosthenes. Nashona sare za shule kule mtaa wa Soweto, Mbeya, na subira sina, ukoo mzima unalijua hilo. Lakini Apolonia nampenda. Alipoolewa nilikuwa bado msichana mwenye mdomo mrefu, na yeye ndiye aliyenifundisha kukata kitambaa bila kukiharibu. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya moto, na ukiumwa kichwa alikukandamiza hapa na hapa, ukalala. Nakumbuka mikono hiyo, ndiyo maana nina hasira.

Wao ni wakulima wa viazi, na viazi kwetu havifiki sokoni bila kupuliziwa dawa ya ukungu. Sosthenes alibeba bomba la kupulizia mgongoni, Apolonia alichanganya dawa kwenye ndoo. Siku moja walirudi kutoka shamba, akanawa kama kawaida, akapika maharage. Fred, mtoto wa jirani, akala hapo kama watoto wanavyokula popote chakula kinapoiva. Jioni akatapika. Wakamkimbiza zahanati, wakaambiwa tumbo limechafuka tu, na asubuhi alikuwa barabarani anakimbiza tairi. Fred alipona. Wifi yangu hakupona.

Akaanza kunawa zaidi akitoka shamba. Nani angemlaumu? Kisha akawa ananawa hata siku ambayo hakwenda shamba. Kisha ikaja habari ya koki. Anaifungua kwa mkono anaousema mchafu, ananawa vizuri, sasa aifunge kwa mkono upi? Akiigusa amejichafua tena, anaanza upya. Kaka yangu alipoona maji yanamwagika hivyo na mke wake analia, akawa anasimama pembeni kumfungia koki. Aliona anamsaidia. Mume gani asingefanya hivyo?

Na lile swali nalo likaja. "Baba Happy, ni safi?" Anainua mikono yote miwili mbele ya mumewe. "Safi, mama." Uso unamlegea kidogo, anapumua, anageuka kwenda jikoni. Kabla hajafika mlangoni amerudi. "Hata huku kwenye kucha?" "Hata huko, safi." Miaka minne kaka yangu aliishi na kazi hiyo, akiwa shambani anapigiwa simu kuulizwa mikono aliyoiacha nyumbani ni safi au si safi.

Watu wengine aliwasalimia kwa kifundo cha mkono. Mnajua desturi yetu: mtu akikukuta na mikono ya udongo, unakunja vidole ndani na kumpa kifundo akishike, mnasema "Kamwene" na maisha yanaendelea. Ni salamu ya heshima, inasema nimetoka kazini, sitaki kukuchafua. Lakini Apolonia aliitoa akiwa amevaa gauni la Jumapili. Kwenye misa tukiambiwa tupeane amani, watu wote wanashikana viganja, yeye anatoa kifundo. Baada ya muda watu wakazoea, wakaacha hata kushangaa.

Usiulize tulihangaika vipi. Jumuiya ilikuja kusali. Mama mmoja alileta mizizi ya kuchemsha. Wengine walinong'ona kwamba amechezewa kwa wivu wa shamba. Mwezi wa saba, baridi ya Mufindi inapokata ngozi, mikono ile ilipasuka, povu la sabuni likawa linatoka na rangi ya damu. Nilikuwepo. Nikalipuka. "Wifi, mbona unajitesa? Si uache tu! Mikono yako safi, huoni?"

Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Wifi, unadhani sijui kwamba ni safi? Najua. Kujua hakunisaidii."

Nikaenda kutafuta mafuta ya kumpaka.

Kilichomtoa nyumbani ni mimba ya Happy. Happy ni mtoto wao wa pekee, ameolewa Makambako, na kwetu mimba ya kwanza huja kujifungulia kwa mama. Mama wa binti ndiye anayemwogesha mjukuu maji ya vuguvugu, anamnyoosha viungo, anampaka mafuta, anamfunika kwa khanga yake mwenyewe. Huo ni mkono wa bibi, hauazimwi kwa mtu. Habari ya mimba ilipofika, nami nikiwa Nyololo, Sosthenes alicheka hadi akakaa chini. Apolonia aliingia chumbani. Nilimfuata, nikamkuta ameketi kitandani, viganja vinaangalia juu.

"Nitamwogesha na mikono gani?" akauliza.

Hapo nikamweleza nilichokisikia redioni nikiwa cherehanini. Kuna watafiti wamekuja kwenye hospitali moja pale Mbeya mjini, wanatafuta watu wenye hofu zilizopita kiasi na wenye mawazo yanayojirudia hadi yanawaamrisha. Wanawatibu kwa vitendo, kisha wanapima kama matibabu hayo yanafaa kwa watu wa huku. Sikumaliza. Alikuwa ameshasimama kutafuta sweta.

Mtafiti aliyetupokea aliitwa Lutengano, kijana wa Tukuyu, mpole, hana koti jeupe. Nilitegemea atachukua damu. Akachukua maneno. Alimuuliza Apolonia hofu inaanzia wapi, inapanda vipi, anafanya nini ili ishuke. Halafu akatueleza. Hofu, alisema, hupanda, na ukiiacha bila kuikimbia huchoka yenyewe. Kila mama anaponawa anaikimbia, kwa hiyo hajawahi kuiona ikichoka. Kazi yetu ni kumsaidia asimame palepale. Walichotaka kujua kwenye utafiti wao ni kama familia ikifundishwa pamoja na mgonjwa anapona zaidi, maana huku kwetu nani anaumwa peke yake?

Akaweka mezani chupa tupu ya dawa ya viazi, iliyooshwa. Apolonia akasogeza kiti hadi ukutani. Siku hiyo kazi ilikuwa kukaa tu chumba kimoja nayo. Nimekaa na wafiwa, nimekaa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa, lakini jasho kama lile kwenye baridi ya Mbeya sijaliona. Alikuwa anahema. Mimi nikamwangalia Lutengano nikitamani kumzaba kibao. Yeye ametulia, anasema, "Endelea, mama, uko vizuri, usiikimbie." Na kweli, baada ya muda mrefu, mabega yakashuka. Apolonia mwenyewe alishangaa. "Imepungua," akasema. "Na sijanawa."

Siku nyingine akaigusa kwa kidole. Siku nyingine akaishika, kisha akajipaka viganja kwenye gauni lake, kwenye nywele, kwenye mkoba wangu, na ni marufuku kunawa hadi kesho, isipokuwa kabla ya kula, mara moja tu kama watu wote. Na siku moja Lutengano akaleta jiko la gesi, akamwambia ashike chupa kisha apike chai. Wifi yangu alipika huku machozi yanadondoka. Akamimina. Lutengano akanywa kikombe chote, akaomba kingine. Apolonia akabaki kumtazama mdomo, anasubiri aanguke. Hakuanguka. Alisema chai ina tangawizi nzuri.

Jambo gumu lilikuwa letu. Sheria ilikuwa moja: akiuliza kama ni safi, usijibu. Si "safi," si "chafu," si kutikisa kichwa. Akiwa kwangu Soweto alikuja nyuma ya cherehani na mikono imeinuliwa. "Wifi, ni safi?" Nikakanyaga pedali. "Wifi, nijibu tu leo." Nikakanyaga. Nilishona kaptula moja mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Mtu anakusihi neno moja dogo, unalo mdomoni, na unamnyima kwa sababu unampenda; mimi sikuzaliwa na moyo wa kazi hiyo.

Sosthenes alipoitwa kufundishwa aligoma kwanza. "Daktari," alisema, amevua kofia, "mke wangu ananiuliza kitu, mimi jibu ninalo, tena la kweli. Nimnyime kwa nini?"

"Kwa sababu ukimpa, mzee, atarudi kuchukua lingine," Lutengano alisema. "Umempa miaka minne. Alishiba?"

Kaka yangu aliinama, akakunja kofia yake mpaka ikawa mpira. Lakini aliporudi Nyololo na mkewe alifanya alivyoelekezwa. Aliniambia siku za mwanzo alikuwa anatoka nje kulia nyuma ya banda la ng'ombe, kisha anarudi ndani kimya. Na dawa hiyo ya ukimya ikafanya kazi. Maswali yakapungua. Koki akaanza kuifunga mwenyewe. Akachimba viazi. Jumapili moja Sosthenes akanipigia simu kutoka nje ya kanisa, hasikiki vizuri kwa machozi, akasema, "Ametoa kiganja. Eveline, ametoa amani kwa kiganja kizima, kwa watu wote wa benchi." Nikafunga cherehani, nikapiga kelele hadi mteja wangu akatoka nje.

Lutengano naye alifurahi. Wakampima kwa maswali yao, akawa katika waliopata nafuu kubwa, na awamu ile ya utafiti ikafungwa. Alituaga akisema yaliyobaki ni kuendelea hivyohivyo.

Happy alijifungua salama, mtoto wa kike. Nilipanda basi kwenda Nyololo na beseni jipya juu ya mizigo yangu. Kabla ya kuingia ndani nilimvuta Happy pembeni, maana yeye hakuwepo kwenye mafunzo, alikuwa kwa mumewe. Nikamweleza sheria. "Mama yako akikuuliza kama mikono ni safi, usimjibu. Hata akilia."

"Shangazi, nimeelewa," akasema. "Sitajibu."

Alikuwa binti mwelekevu, na alikuwa mzazi mwelekevu pia. Kule alikojifungulia muuguzi aliwafundisha vizuri: mtoto mchanga hashikwi na mtu ambaye hajanawa. Kwa hiyo Happy aliweka ndoo ya koki mlangoni na sabuni juu ya jiwe, na kila aliyeingia aliulizwa. Wageni walikuja wengi, na mnajua wageni wa mzazi wanakuja na nini. Sukari kidogo, unga wa uji, na sabuni. Miche ya sabuni, sabuni za mtoto, za kunukia, za kufulia, zikapangwa dirishani zikaziba mwanga. Niliziona nikatamani kuzificha, lakini ningemwambia nani asilete sabuni kwa mzazi?

Asubuhi ya kuogesha, jua lilikuwa limeshatoka. Moto ulikuwa umewaka vizuri, nikapima maji kwa kiwiko, vuguvugu sawasawa, nikayamimina kwenye beseni. Sosthenes alisimama mlangoni, kofia mkononi. Apolonia akaja kutoka nje. Nilimwona kwa macho yangu: alipita kwenye ndoo, akanawa mara moja, akafunga koki mwenyewe, hakugeuka nyuma. Akaja, akakalia kigoda, akatandika khanga mapajani. Akanyoosha mikono. Viganja juu, vimefunguka. Makovu ya baridi yalikuwa bado yanaonekana, lakini ilikuwa ile mikono niliyoijua zamani, mikubwa. Kaka yangu alikuwa anatabasamu kama mtoto.

Happy akamwinua mtoto kutoka kitandani, akapiga hatua kumpa. Na akiwa anampa, bila hata kumwangalia mama yake, kwa sauti ileile aliyowaulizia wageni tangu juzi, akasema:

"Mama, umenawa?"

Hakuwa na kosa. Naomba hilo lieleweke. Tulimfundisha asijibu. Hatukumfundisha asiulize. Somo lote kule Mbeya lilikuwa la kujibu, kwa sababu miaka yote hiyo muulizaji alikuwa mmoja.

Apolonia akaangalia viganja vyake. Nilimwona anavitafuta, huku na huku, kama mtu aliyedondosha sindano. Mikono ikarudi kifuani. "Nimenawa," akasema. Kisha: "Nadhani nimenawa. Baba Happy, si umeniona? Ni safi?"

Hakuna aliyejibu. Tulikuwa wanafunzi wazuri. Nilikuwa nimemwona ananawa, neno lilikuwa kwenye ulimi wangu, nikaling'ata. Mtoto akaanza kulia mikononi mwa Happy. Happy akatuangalia mmoja mmoja, hajui afanye nini. Na ukimya ule uliomtibu mke wa kaka yangu ukaanza kumnyonga mbele yetu. Niliona midomo inamkauka. Sosthenes naye aliona. Alivumilia alivyoweza, nawaambia, alivumilia.

"Safi, mama," akasema. "Safi kabisa."

Uso wa Apolonia ukalegea, uleule wa zamani. Akainuka, akaenda kwenye ndoo. Akanawa. Akarudi hadi katikati ya chumba, akasimama, akageuka. "Hata kwenye kucha?" Na kaka yangu, machozi yanamtiririka, akamfuata akasimama pembeni ya ndoo kumfungia koki.

Nilitoka uwanjani nikampigia Lutengano. Alipokea haraka, Mungu ambariki, na nikamweleza nikiwa nahema. Akasema nirudi ndani, nimwambie amshike mtoto sasa hivi, na mikono ilivyo, kabla hajanawa tena. Nikamwambia ananawa tayari, hata hapa nilipo nasikia maji. Akasema huwa inatokea, hofu ikirudi si mwisho, inaweza kufanyiwa kazi upya. "Lini?" nikauliza. Akasema awamu hii imefungwa, ile nyingine bado haijapata kibali, lakini atauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefungwa mikono, nikashindwa hata kumgombeza.

Niliporudi ndani maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Nikaongeza ya moto, nikamwogesha mtoto mimi, mimi shangazi, ambaye si kazi yangu. Nilimnyoosha mikono, nikamnyoosha miguu, nikampaka mafuta. Mtoto mzuri, mzito, ana vidole virefu kama vya bibi yake. Happy alikuwa amekaa kitandani analia bila sauti, anarudia, "Nimeuliza tu, shangazi. Nimeuliza tu." Nikamwambia najua.

Nilipomaliza kumfunika, Apolonia alikuja. Mikono ilikuwa myekundu, maji yanachuruzika hadi kwenye viwiko. Nilimsogezea mtoto. Sikuongea, sikuuliza, nilimwekea tu karibu, nikaomba kwa moyo wote. Alimtazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inacheka, na ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba alikuwa na furaha. Kisha akakunja vidole ndani ya viganja, akavikaza, akainama, akamgusa mjukuu wake shavuni kwa kifundo cha mkono.

"Kamwene, mjukuu wangu," akamwambia.